Watoto wa Joka wa Chapwa

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana mwenye suti inayombana, pale makaburini, na kwa sauti ya mtangazaji akatuambia kwamba Mama Eliza alilitumikia kanisa maisha yake yote bila doa. Nyuma yangu mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha makusudi, na sikuhitaji kugeuka kujua kwamba ni Kabula. Bupe, aliyekuwa ameshika mkono wangu, aliubana hadi pete ikaniuma. Sisi watatu ni bibi za watu sasa. Mimi nauza mbolea Isongole, Bupe anavuka mpaka kila siku kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na vipodozi vyake, Kabula ana duka la dawa za mifugo kule bondeni Kamsamba. Bila doa! Doa alikuwa nalo, tena lilitangazwa kanisani mbele ya watu wote, na mimi nilikuwepo. Sijui kwa nini sisi mtu akifa tunampiga pasi mpaka mikunjo yote iishe. Doa lile ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya yule mama, na kama wanawe wanaona haya kulisema, basi nitalisema mimi.

Mambo ya kwetu Ileje nayaacha, kila mtu ana kwao. Naanzia kwenye chumba. Kilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa Mama Eliza, mtaa wa Chapwa pale Tunduma mpakani, tulichopanga wasichana watatu wa kidato cha tatu kwa sababu sekondari yetu ilikuwa ya kutwa na makwetu kulikuwa mbali. Kitanda kimoja, mimi na Kabula juu, Bupe chini kwenye mkeka kwa kuwa alikuwa anapiga mateke usingizini. Jiko la mkaa mlangoni, ndoo mbili, kamba ya nguo kutoka ukuta huu hadi ule. Ukuta wa upande wa kulia ulikuwa wa Mama Eliza mwenyewe, na dari haikuwepo, kwa hiyo akikohoa tulisikia, nasi tukicheka alisikia, na akisikia alipiga ukuta kwa mwiko. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mnene wa mabega, na alikuwa na ugomvi na kila kitu chetu: mkaa wetu unamwagika, maji yetu yanazidi, viatu vyetu vinanuka. Ugomvi mkubwa ulikuwa na Kabula. Hakumwita jina. Alimwita yule msichana wa ng'ombe, na jioni Kabula alipoloweka michembe, vile viazi vikavu walivyompa kwao, Mama Eliza alisimama uani akiuliza hewa kama siku hizi wapangaji wanapika magome. Kabula alikuwa anamwamkia vilevile, kila asubuhi, akipiga goti kama walivyomfundisha kwao. Mimi ningekuwa nimeshamjibu.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na mchezo wa redio. Mhunzi mmoja alioa mwanamke aliyetoka ziwani, mzuri, mpole, si msemaji, kumbe ni joka lililovaa utu. Mama Eliza aliweka redio dirishani ili asikie huku akipepeta mahindi uani, nasi tulikaa kizingitini na ungo wa maharage, tukichagua mawe, masikio yote kule. Ilifika mahali mhunzi ameshaijua siri, mkewe ana mimba, na mtaa mzima una lake la kusema juu ya kitakachozaliwa. Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, likaja tangazo la sabuni. Tukasubiri. Likaja jingine la sabuni ile ile, kisha muziki, kisha mtu akatushukuru kwa kuwa wasikilizaji. Ndiyo miaka ile kila kitu kilipoanza kuuzwa, hata saa za redio, na mwenye sabuni alikuwa na uwezo kuliko mhunzi. Bupe alilia, machozi kabisa. Kabula hakuinua macho kwenye ungo. Alisema kama watunzi wenyewe wameshindwa kumzalisha yule mwanamke, basi tutamzalisha sisi.

Na tulimzalisha. Kuanzia siku ile, Jumamosi saa ya mchezo, tulikaa na ungo wetu kama vile redio inasema, tukaanza. Hatukutunga ovyo. Tulikubaliana kila jambo la watoto wa joka liwe na sheria yake, na kila sheria ipigiwe kura, na ikipita hairuhusiwi kuvunjwa hata kama inaharibu utamu. Kabula ndiye alikuwa mjuzi wetu. Baba yake alikuwa katika wale Wasukuma wa ngoma ya nyoka, wanaocheza na chatu shingoni na kujua dawa ya mtu aliyeumwa, na mtoto yule alikua na sanduku la nyoka chini ya kitanda kama wengine tulivyokua na kuku. Alituambia chatu jike hujizungusha kwenye mayai yake na kutetemeka mwili mzima ili kuyapasha joto. Tukaifanya sheria: mtoto wa joka akimpenda mtu hutetemeka, hata jua likiwa kali. Sheria nyingine, hula mara moja akashiba, kisha anakaa siku nyingi hagusi chakula. Sheria nyingine, kiangazi kikikolea hujivua ngozi, na atakayeiokota ngozi ile anaweza kumtuma atakavyo. Nyingine, akiudhiwa, maji yaliyo karibu hujificha. Ile ya mpaka ilikuwa yangu na ninajivunia hadi leo. Upande huu ni mtu, akivuka Nakonde ni nyoka, na akisimama pale katikati magari yanapopekuliwa, kiuno juu mtu, kiuno chini nyoka. Kwa hiyo hawezi kutumwa sukari Zambia, na Tunduma ya wakati ule mtoto asiyeweza kutumwa sukari Zambia alikuwa na maswali ya kujibu.

Tuligombana sana kwenye kitovu. Bupe alisema, kwa kuwa walizaliwa kwa mayai yaliyofukiwa kwenye majivu ya mhunzi, watoto wa joka hawana vitovu, na hiyo ndiyo alama pekee ya kuwatambua. Kabula alikataa. Alisema hata nyoka akianguliwa huwa na alama tumboni mahali alipokuwa ameshikana na yai, yeye ameiona kwa macho yake, kwa hiyo kitovu wanacho. Bupe akasema ukweli ni ukweli lakini hadithi inataka alama. Kura mbili kwa moja, Kabula akashindwa, na akaikubali ile sheria bila kununa. Ukiniuliza leo kwa nini mambo yale yalitushika hivyo, nitakwambia tu kwamba sote tulikuwa nusu nusu. Mimi Kindali nyumbani, wao vya kwao, sote Kiswahili barabarani, Kiingereza kwenye mtihani, Kibemba sokoni. Na Kabula, ambaye ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekaa bondeni miaka na miaka, alikuwa bado anaitwa mgeni. Watoto wale walikuwa wetu, na niliwapenda kuliko watu wengi niliokuwa nawajua kwa majina.

Bupe alikuwa Mnamwanga wa vijiji vya mbali na mji, mwenye mdomo mtamu, na mdomo huo haukukaa chumbani. Alianza kuwapa wenzake hadithi bombani, kwenye foleni ya ndoo, kipande kwa kipande. Wanawake wakasahau zamu zao. Wauza vitenge kutoka ng'ambo wakawa wanamwambia mukwai, tafadhali, ongeza kidogo. Na kwa kuwa msimulizi ni mtu wa kunogesha, akamleta kitinda mimba wa joka Chapwa. Yupo humu humu, alisema, anasoma, anavaa sare kama wenzake, huwezi kumjua. Tulipomuuliza kwa nini amefanya hivyo bila kura alicheka akasema wanapenda. Sikuona ubaya wowote, na Kabula pia hakuuona.

Kisha kiangazi kikaja kibaya. Bomba likaanza kutoa maji membamba, halafu ya kudondoka, halafu hewa tu. Watu wakawa wanashuka mbali kwenye kidimbwi na kugombania tope. Siku moja nilikuwa naoga katika lile bafu letu la magunia, nikijimwagia maji ya kikombe, nikasikia wanawake wawili wamesimama upande wa pili wa uzio. Walikuwa wanazungumza taratibu, bila chuki, kama watu wanaopanga mambo ya harusi. Yule Msukuma wa kwa Mama Eliza mchana hali, mmoja alisema, wenzake wanakula yeye anakaa anawatazama. Ilikuwa kweli. Chakula cha Kabula kiliisha mapema kuliko chetu na alikuwa na kiburi, hakutaka kula cha mtu kila siku. Mwenzake akasema ngozi ya miguu inamtoka vipande vipande. Hiyo pia ilikuwa kweli, na yangu ilikuwa inatoka, kwa baridi kavu ile ya Tunduma ngozi ya nani haitoki. Tena baba yake si anatembea na nyoka kwenye sanduku. Kisha yule wa kwanza akasema kilichobaki ni kuangalia kitovu. Nilikaa kwenye lile jiwe la kuogea na sabuni imenikaukia mwilini, kwa sababu nilikuwa nakijua kitovu cha Kabula.

Kitovu alikuwa nacho. Lakini kilizungukwa na chale, nyeusi, nyingi, mistari mifupi iliyopangwa kama mshono wa gunia. Ndizo chale za dawa ya nyoka, alizochanjwa na baba yake akiwa mdogo ili akiumwa asife. Sisi tulioga naye, tulizizoea. Mtu anayetafuta uchawi akiziona hataangalia tena kama kitovu kipo au hakipo. Na enzi zile, mtu akishaitwa mchawi mchana, jioni nyumba inawaka na hakuna aliyeona aliyewasha. Hata kama wasingemgusa, wangemtaka Mama Eliza amfukuze. Akifukuzwa chumba, shule imekwisha, maana baba yake alikuwa amempa nafasi hiyo moja, na kule bondeni mwanaume mwenye ng'ombe alikuwa anasubiri jibu.

Bupe alipoelewa alikimbia bombani, akawaambia wazi wazi kwamba ni mambo ya redio, tumeyatunga sisi tukichagua maharage. Walimsikiliza. Mama Sikitu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, mwanamke safi wa sura na nguo, akamjibu kwa upole kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Halafu akamwambia jambo ambalo Bupe aliturudishia neno kwa neno. Mambo ya kutunga, mwanangu, huwa yanagongana. Haya yenu yanashikana yote, kila kitu na sheria yake, nani angeweza kutunga kitu kimepangika namna hiyo? Kabula aliposikia alicheka, kicheko kifupi. Alisema hakuna mwalimu aliyewahi kutusifia hivyo. Kisha akageukia ukuta na hatukuona uso wake hadi asubuhi. Asubuhi hiyo tukakuta mtu amemwaga majivu laini kizingitini petu ili zionekane nyayo za atakayetoka, za mtu au za kitu kinachotambaa. Kabula aliyatazama, akayakanyaga kwa miguu mitupu, mmoja, wa pili, akaenda kumwamkia Mama Eliza. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa naona usaha wenyewe unakuja na sijui pa kuuzibia.

Walikuja Jumamosi, saa ile ile ya mchezo. Tulikuwa na ungo, tukiokota mawe tu, bila hadithi. Kwanza wakaingia wanawake na ndoo tupu, Mama Sikitu mbele, halafu nyuma yao wanaume kadhaa wakabaki wamesimama getini, na hao ndio walionitisha, kwa sababu walikuwa kimya. Mama Sikitu hakupaza sauti. Alisema hawana ugomvi na mtoto wa mtu. Wanataka tu ajifunue tumbo, waone, waondoke. Kama ni mtu, ana hofu gani? Kabula alisimama. Alikuwa ameshika fundo la kitenge chake kwa mikono miwili. Nilimwona anapima. Akikataa, wamepata jibu. Akikubali, wameona chale. Bupe akaanza kulia na kusema ni yeye, ni yeye aliyesema, na hakuna aliyemtazama.

Mama Eliza alitoka ndani na unga hadi kwenye viwiko. Aliuliza kuna nini kwake. Akaelezwa. Aliuliza tena, kama hakusikia, akaelezwa tena, na mimi nikasema moyoni basi, huyu ndiye aliyekuwa anangojea siku hii mwaka mzima. Alimtazama Kabula kuanzia miguuni hadi usoni. Sijui aliona nini. Labda ukuta ule na yeye ulikuwa umemsikilizisha mengi. Alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole, akamsogelea Mama Sikitu.

"Mnataka vitovu," alisema. "Haya. Tuanze na watu wazima."

Akafungua kanga, akainua blauzi. Wanaume wale getini waligeuka wote kwa pamoja kama walioamriwa, maana kwetu mwanamke wa umri ule hakuvulii nguo mbele yako ukabaki salama, na nikasikia miguu yao inaondoka. Sisi wengine tulibaki tunatazama. Tumbo kubwa la mama aliyezaa, kitovu kimetokeza, na kukizunguka chale. Si za utotoni. Nyingine zilikuwa za zamani zimefifia, lakini nyingine zilikuwa za mwaka huo huo, bado nyekundu kingoni. Mzee wa kanisa, aliyekuwa anatusomea sisi wapangaji mistari juu ya waganga kila tulipochelewa kurudi.

"Hiki changu," alisema, bila kushusha blauzi. "Nilipougua tumbo mliniombea, nawashukuru. Na nilikwenda pengine pia. Sasa na wewe, Mama Sikitu. Fungua. Ukimaliza wewe afuate jirani yako, kisha huyu mtoto atafungua wa mwisho."

Nilimwangalia Mama Sikitu, na nikaona mkono wake unashuka wenyewe hadi kwenye kitenge na kukishika fundo, vile vile kama Kabula alivyoshika. Nikawaangalia wengine. Mikono yote ilikuwa kwenye mafundo ya vitenge. Wanawake wa kwaya, wa ushirika, wa maombi ya Alhamisi, kila mmoja amejikaza tumbo kama aliyeshikwa na kichomi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na siku ile nilielewa mji mzima kwa mara moja. Wa kwanza kuokota ndoo alikuwa yule wa nyuma kabisa. Wakatoka mmoja mmoja, wakiagana kwa heshima, kesho Mungu akipenda. Mama Eliza alishusha blauzi, akamwambia Kabula, ugali wangu utaungua kwa ajili ya upuuzi wenu, akaingia ndani.

Kabula alikaa chini. Baada ya muda mrefu alivuta ungo, akaokota jiwe, akalitupa. Alisema anataka ile sheria ya kitovu ipigiwe kura tena. Ikapita kwa kura tatu kwamba wanacho.

Maji yalirudi mvua ilipoanza, kama yalivyorudi kila mwaka. Lakini Mama Sikitu alikuwa amekwenda kwa wazee wa kanisa kabla ya hapo, kwa masikitiko makubwa, na wazee wakamwita Mama Eliza. Angeweza kusema ni chale za utotoni, wangependa kuamini. Alisema ni za mwaka huu na alikwenda kwa miguu yake. Wakamvua uzee wa kanisa, wakamtenga na meza ya Bwana, na likatangazwa Jumapili mbele ya watu, kwa jina lake lote. Siku hiyo alirudi nyumbani, akapika, akapiga ukuta kwa mwiko kwa sababu tulikuwa tunanong'ona. Nilikuwa nadhani hatarudi tena kanisani. Nisingerudi mimi.

Jumapili ya ushirika iliyofuata alivaa, akaenda, akakaa benchi la nyuma kabisa, lile la watoto wasumbufu na waliochelewa. Mimi nilikuwa na kipaimara, nafasi yangu ilikuwa mbele na vijana, lakini miguu ilikataa, nikaenda kukaa pembeni yake. Hakunitazama. Kwaya ilikuwa inaimba, Mama Sikitu akiwa na sauti nzuri kama siku zote, lazima niseme kweli, mlango ulipofunguliwa akaingia Kabula. Hakuwa amebatizwa, na Jumapili zote za mwaka ule alizitumia kufua sare. Alikuwa amevaa hiyo sare, bado mbichi kwenye mishono. Akapita magotini kwetu, akakaa upande wangu wa pili, mikono mapajani, akiangalia mbele kama mtu anayengoja kuitwa.

Ushirika ukaanza. Benchi kwa benchi watu walisimama, wakaenda, wakarudi na vichwa vimeinama. Ilipofika zamu ya nyuma nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimeshaamua, tena nilikuwa najisikia mtu mwema sana kwa uamuzi huo. Mama Eliza akanifinya paja.

"Inuka uende," alisema kwa meno. "Nani amekwambia unihurumie?"

Nikaenda. Yule mama alikuwa ni wa kutii tu. Nilipiga magoti pale mbele kati ya mikono ya wale wanawake wa bombani, nikapokea, sikumbuki nilichokiomba. Niliporudi na ladha ya divai mdomoni, benchi lilikuwa limejaa waliochelewa. Kabula alikuwa amesogea hadi mahali nilipokuwa mimi, bega kwa bega na Mama Eliza, wameshika kitabu kimoja cha nyimbo kilichopinduliwa juu chini na hakuna kati yao aliyekuwa anakisoma. Nilisubiri wanipishe kidogo. Hawakunipisha, nikaegemea ukuta na kusimama hadi baraka.